Kikomo cha kasi kwenye ruta ya nyumbani: hamishia foleni kwako

Video ya dakika tatu inapandishwa mtandaoni kutoka chumbani, na sebuleni simu ya video inaganda: sauti inakatikakatika, picha inasimama. Lawama zote zinaenda kwa mtoa huduma. Mara nyingi laini haina kosa. Njia ya kutoka nyumbani imejaa, na vipande vidogo vya sauti vimepanga foleni nyuma ya video ile kubwa.

Foleni hutokea pale njia inapokuwa nyembamba kuliko kwingine kote. Kwa kawaida ni kwenye modemu au kwenye mitambo ya mtoa huduma, mahali ambapo wewe huna la kusema. Ukiiamuru ruta yako isipitishe zaidi ya kiasi kilicho chini kidogo ya uwezo halisi wa laini, ruta ndiyo inakuwa sehemu nyembamba. Foleni inahamia kwako, na sasa unaamua mwenyewe nani apite kwanza. Namba zote zilizomo humu zinasimama juu ya jambo hilo: kikomo kikizidi uwezo wa laini, hata kwa kidogo, ni kama hakipo.

Kupakua na kupakia hutofautiana kwa herufi moja na huchanganya watu, kwa hiyo humu tutasema data inayoingia nyumbani na data inayotoka.

Pima kabla hujagusa menyu

Usichukue namba iliyoandikwa kwenye kifurushi. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, hakikisha hakuna mwingine anayetumia intaneti, kisha pima kwa Speedtest au fast.com. Fanya hivyo mara tatu: asubuhi, mchana, na kati ya saa 2 na saa 4 usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Kila mara andika namba mbili, ya kuingia na ya kutoka. Inayotumika ni ile ya chini kabisa.

Tuseme kifurushi ni Mbps 20 (megabiti kwa sekunde) za kuingia na 10 za kutoka, na kipimo cha chini kimekuwa 17.8 na 8.9. Asilimia 90 ya hizo ni karibu 16 na 8. Tutaanzia hapo, na mifano yote inayofuata itatumia namba hizo.

Angalia vipimo vizuri. Mbps 1 ni Kbps (kilobiti kwa sekunde) 1,000, hivyo mahali panapodai Kbps unaandika 16000. Herufi B kubwa ni baiti, yaani biti nane: faili linaloshuka kwa MB 2 kwa sekunde linatumia Mbps 16, laini yote. Mtu akiandika 16 kwenye kisanduku cha Kbps, nyumba nzima inabaki na baiti 2,000 kwa sekunde na hakuna ukurasa utakaofunguka. Hilo likitokea usiikimbilie ile tundu ya "Reset". Kwa kawaida kikomo hiki hakigusi mawasiliano kati ya kompyuta na ruta yenyewe, kwa hiyo ukurasa wa mipangilio utafunguka kama kawaida, usahihishe.

Kipimo cha pili wengi hukiruka, nacho ndicho kinachokwambia kama unahitaji kikomo au la. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

ping -t 8.8.8.8

Amri hii hupima muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi. Iache nusu dakika ukitazama milisekunde. Kisha, bila kuifunga, anza kupandisha faili kubwa kwenda Google Drive. Kama muda ulikuwa 20 na sasa ni 25 au 30, laini yako haina foleni na unaweza kuishia hapa. Muda ukiruka hadi 300, 500 au zaidi, umeiona foleni kwa macho. Rudia huku ukishusha faili kubwa. Kwa simu, fast.com inaonyesha kitu kilekile: bonyeza "Show more info" utaona ucheleweshaji wa laini ikiwa tupu na ikiwa imeelemewa. Wataalamu huiita hali hii bufferbloat, jina ambalo Jim Gettys alianza kulieneza mwaka 2010. Chanzo chake ni vifaa vyenye kumbukumbu kubwa mno, ambavyo badala ya kuangusha pakiti (vipande vya data) njia ikijaa, vinazilimbikiza mpaka zinapitwa na wakati.

Upande wa kutoka ndio mwiba. Kifaa chako kikipokea data hurudisha risiti ndogo za kuthibitisha kwamba imefika. Njia ya kutoka ikijaa, risiti zinachelewa, na mtumaji wa upande wa pili anapunguza mwendo. Ndiyo maana simu moja inayopandisha picha za likizo Google Photos inaweza kushusha kasi ya kuingia ya nyumba nzima. Kama una nafasi ya kuweka kikomo kimoja tu, weka cha kutoka.

Ruta ipi inatawala

Nyumba nyingi zenye faiba zina vifaa viwili: kisanduku cha mtoa huduma chenye taa za PON na LOS, na ruta iliyonunuliwa dukani. Vyote vinatoa Wi-Fi. Ukiweka kikomo kwenye ruta yako, simu iliyobaki kwenye Wi-Fi ya kisanduku inapita pembeni bila kuguswa, na inaendelea kuijaza laini. Zima Wi-Fi ya kisanduku, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz, na uache waya mmoja tu kutoka kwenye kisanduku kuingia tundu la WAN la ruta (la kupokelea intaneti), ambalo mara nyingi lina rangi yake peke yake. Televisheni iliyochomekwa kwa waya kwenye kisanduku ihamishie kwenye ruta.

Waya huo ukiwa umechomekwa kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani), ruta inageuka kuwa kituo cha Wi-Fi tu. Haielekezi data tena, na menyu ya kikomo itapokea kila unachoandika, itahifadhi, na haitafanya chochote. Mtu akilalamika kwamba kaweka kikomo na hakifanyi kazi, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Anwani zisizobadilika

Kanuni za kila kifaa hufuata anwani ya IP, yaani namba ambayo ruta hukipa kifaa, na ruta inaweza kuzigawa upya wakati wowote. Leo 192.168.0.103 ni televisheni, wiki ijayo ni simu ya mgeni. Kwa hiyo kabla ya kanuni yoyote, funga anwani: TP-Link ni "DHCP" kisha "Address Reservation", unaandika MAC ya kifaa (namba yake ya utambulisho) na IP unayotaka kiipate. Kwenye MikroTik, aina nyingine ya ruta, ni "IP", "DHCP Server", "Leases", unachagua kifaa na kubonyeza "Make Static".

Simu zina mtego wake. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitengenezea MAC ya bandia kwa kila mtandao, na inaweza kuibadilisha. Ikibadilika, inapewa IP nyingine na kanuni yako inabaki ikimlinda mtu asiyekuwepo. Kwenye iPhone fungua jina la Wi-Fi ya nyumbani uzime "Private Wi-Fi Address". Kwenye Android, ndani ya mipangilio ya mtandao huo, chagua kutumia MAC ya kifaa badala ya ya kubahatisha. Fanya hivyo kwa Wi-Fi ya nyumbani tu. Mgahawani na stendi iache simu ijifiche.

TP-Link za menyu ya zamani

TL-WR841N na ndugu zake wenye menyu ya kijani bado wako kwenye nyumba nyingi sana, na kazi hii wanaiweza. Fungua 192.168.0.1, ingia "Bandwidth Control". Weka tiki kwenye "Enable Bandwidth Control". Kwenye "Line Type" chagua "Other" kama unatumia faiba. "Egress Bandwidth" ni data inayotoka: andika 8000. "Ingress Bandwidth" ni inayoingia: andika 16000. Hifadhi.

Kisha nenda "Rules List", bonyeza "Add New". Kila kanuni ina kiwango cha chini na cha juu kwa kila upande. Cha chini ni haki ambayo kifaa hakinyimwi hata msongamano ukizidi. Cha juu ni dari ambalo hakivuki hata kikiwa peke yake. Mgawanyo unaofaa kuanzia ni huu, wote kwa Kbps:

Kompyuta ya kazi, 192.168.0.110: kutoka 3000 hadi 8000, kuingia 4000 hadi 16000.
Televisheni, 192.168.0.120: kutoka 200 hadi 1000, kuingia 2000 hadi 6000.
Simu za watoto, 192.168.0.130 hadi 192.168.0.139: kutoka 500 hadi 2000, kuingia 3000 hadi 8000.

Acha sehemu ya bandari kama ilivyo na itifaki ibaki "ALL". Jumlisha viwango vya chini: kutoka ni 3700, kuingia ni 9000. Jumla hiyo isizidi 8000 na 16000 ulizoandika mwanzo, vinginevyo unaahidi usichokuwa nacho, na iache masalio kwa vifaa visivyo na kanuni. Dari la televisheni halikubuniwa: Netflix wenyewe hupendekeza Mbps 5 kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K. Kwa 6000 picha inakaa safi, na 4K haiwezi kuimeza laini yote.

Kanuni moja ya safu ya anwani kwa kawaida hugawanwa na vifaa vyote vya safu hiyo, si kila kimoja kivyake. Hakikisha kwenye ruta yako kwa kupima kasi kwenye simu mbili za watoto kwa wakati mmoja: kila moja ikipata karibu nusu ya 8000, zinagawana.

Ruta nyingi za sasa za TP-Link aina ya Archer hazina dari la kila kifaa. Utakuta "QoS" (menyu ya kupanga nani apite kwanza), utaandika jumla ya kasi, kisha unachagua vifaa vya kutangulizwa na kwa muda gani. Hata huko jumla ndiyo roho ya jambo: andika 16 na 8, usiandike za kifurushi. Na kama kuna chaguo la "NAT Boost", lizime, kwa sababu data inayopitishwa kwa njia hiyo ya mkato haipiti mbele ya QoS.

MikroTik, hasa kwa nyumba yenye wapangaji

Penye laini moja na vyumba sita uani, MikroTik ndogo ndiyo inayofaa. (Soma mkataba wa intaneti yako kwanza, mingine hairuhusu kugawa nje ya kaya moja.) Jambo la kwanza kabisa ni kuzima "fasttrack", iliyomo kwenye mipangilio ya kiwandani. Huharakisha data kwa kuirusha nje ya foleni, na ikiwa hai kanuni zako zitaonekana kwenye orodha huku namba zake zikisoma karibu na sifuri.

/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]

Kisha foleni mama na watoto wake:

/queue simple add name=nyumba target=192.168.88.0/24 max-limit=8M/16M
/queue simple add name=kazi parent=nyumba target=192.168.88.10/32 limit-at=3M/4M max-limit=8M/16M priority=2/2
/queue simple add name=tv parent=nyumba target=192.168.88.20/32 limit-at=200k/2M max-limit=1M/6M priority=7/7
/queue simple add name=wengine parent=nyumba target=192.168.88.0/24 max-limit=8M/16M queue=pcq-upload-default/pcq-download-default

Namba ya kushoto ya mkwaju (/) ni ya kutoka, ya kulia ni ya kuingia. Ukizigeuza, utajua usiku huohuo: sinema zinakwama na kupandisha faili kunaruka. Kipaumbele 1 ndicho cha juu, 8 cha chini. Ruta husoma orodha kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo "wengine" lazima awe wa mwisho. Akitangulia, atawameza "kazi" na "tv" kabla hawajafikiwa.

Kilichobeba haki ya wapangaji ni PCQ kwenye mstari wa mwisho. Hugawa kilichopo sawasawa kwa kila anwani inayotumia muda huo. Wakiwa wanne, kila mmoja anapata robo; akibaki mmoja saa 8 usiku, anapata yote. Kumpa kila mpangaji dari la kudumu la Mbps 2 ni rahisi kueleza, lakini laini inalala bure wakati mmoja tu yuko macho, na huyo mmoja anaona amepunjwa.

Kama ruta yako inakubali OpenWrt

OpenWrt ni programu huria ya kuendeshea ruta badala ya ile ya kiwandani. Ndiyo njia tunayoipendekeza kwa familia, kwa sababu haikulazimishi kupanga nani ni nani. Fungua "System", "Software", sasisha orodha, tafuta luci-app-sqm uisakinishe. Itatokea "SQM QoS", menyu ya kusimamia foleni, chini ya "Network".

Kwenye "Basic Settings" chagua kiolesura cha WAN; kama unaingia kwa jina na nywila za PPPoE, ni pppoe-wan. Kasi ya kuingia 16000, ya kutoka 8000. Ukiandika 0, upande huo hauwekewi kikomo. Kwenye "Queue Discipline" chagua cake na skripti ya piece_of_cake.qos. Kwenye "Link Layer Adaptation" chagua Ethernet uweke 44. Ni baiti ambazo kila pakiti hubeba juu ya mzigo wake, na ukizidisha kidogo hupotezi kitu cha kuonekana.

CAKE, iliyoingia kwenye Linux 4.19 mwaka 2018, hutenganisha kila mazungumzo na kuyapa zamu, kwa hiyo sauti ya simu haingoji nyuma ya sinema. Ukitaka haki iwe kwa kila kifaa badala ya kila muunganisho, fungua mipangilio ya juu kwenye "Queue Discipline" uandike nat dual-dsthost ingress upande wa kuingia na nat dual-srchost upande wa kutoka. Bila hayo, kompyuta iliyofungua miunganisho 50 ya torenti inapata zamu 50 dhidi ya moja ya simu.

Kisha nenda "Network", "Firewall", hakikisha "Hardware flow offloading" imezimwa. Sababu ni ileile ya fasttrack.

Kazi hii inakula prosesa. Kwenye laini ya Mbps 20 hata ruta ya zamani haitatoka jasho, lakini kwenye Mbps 200 ruta ya bei nafuu inaweza kushindwa kufikia kikomo ulichoweka. Ikishindwa, weka SQM upande wa kutoka tu na uandike 0 upande wa kuingia.

Pima tena, kisha panda taratibu

Rudia ile ping huku faili likipanda. Ucheleweshaji ukiongezeka kwa milisekunde 10 au 20 tu juu ya ule wa laini tupu, umefaulu. Panda kwa asilimia 5: 8000 iwe 8400, pima, endelea mpaka foleni itokee tena, urudi hatua moja nyuma. Fanya upande mmoja kwa wakati, ukianza na wa kutoka. Upande wa kuingia utakutaka uwe mpole zaidi, kwa kuwa data hiyo imeshapita kwa mtoa huduma kabla ruta haijaiona. Ruta inachoweza ni kuichelewesha au kuiangusha ili mtumaji apunguze mwendo, na hilo huchukua muda.

Kwa laini za 4G na 5G hesabu ni ngumu zaidi. Kasi hufuata msongamano wa mnara, na Mbps 30 za alfajiri zinaweza kushuka kuwa Mbps 6 usiku. Ukitumia kipimo cha chini unapoteza mchana. Ukitumia cha juu, kikomo hakipo saa unayokihitaji. Bana upande wa kutoka kwa kipimo cha usiku na uache wa kuingia wazi. Kwa wenye OpenWrt kuna skripti ya cake-autorate inayopima ucheleweshaji na kusogeza kikomo yenyewe.

Mengine ya kukagua mambo yakigoma. Kama laini yako ina IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti), kanuni iliyoandikwa kwa 192.168 haiigusi, na YouTube itapita huko kwa kasi kamili huku televisheni ikionekana imefungwa. Andika kanuni ya IPv6 pia au izime kwenye ruta. Kama umeweka kanuni za saa, chagua ukanda wa GMT+3 na uwashe seva ya muda ya NTP, kwa sababu ruta nyingi hazina betri ya saa, na umeme ukikatika huamka zikiwa na tarehe ya kiwandani. Na kama ping kwenda 192.168.0.1 yenyewe inapanda hadi mamia, tatizo ni Wi-Fi, ukuta au umbali. Hakuna kikomo kitakachotibu hilo.

Wenye vifurushi vya GB wajue kuwa dari la kasi si dari la matumizi. Mbps 1 ikitumika saa nzima ni MB 450. Televisheni iliyobanwa kwa Mbps 3 bado inaweza kumaliza GB 1.35 kwa saa.

Ukimaliza, hifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta, na bandika kwenye ruta karatasi yenye namba mbili ulizoweka na tarehe. Siku utakapopandisha kifurushi kuwa Mbps 40, karatasi hiyo itakukumbusha kwamba ruta bado imeamriwa kupitisha 16.